Naomba ushauri: zram inakataa kubadilishiwa algorithimu

KijanaMalimbe: Wakuu, salaam. Nina steshenari hapa Malimbe, Mwanza, na kompyuta yangu ya Linux ina RAM ya GB 2 tu, kwa hiyo wanafunzi wakija kuchapa ripoti zao mashine hukwama foleni ikiwa mlangoni. Nimeamua kutumia zram kama swapu, yaani nafasi ya akiba RAM ikijaa; yenyewe ni kifaa cha kubuni ambacho hubana data ndani ya RAM yenyewe. Nikiandika zstd, algorithimu (njia) ya kubana ninayoitaka, kwenye faili la comp_algorithm, kerneli, yaani kiini cha Linux, hunijibu kwamba kifaa kinatumika. Nifanyeje?

FundiKirumba: Ndugu, ongeza RAM. Mimi niliwahi kutegemea swapu kwenye diski chakavu, nikawa nawaambia wateja warudi kesho, mpaka wakahamia kwa jirani. Kazi ya watu haitaki majaribio.

DadaNyegezi: Kabla ya zstd, uliandika chochote kwenye disksize, faili la kupanga ukubwa wa kifaa?

KijanaMalimbe: Hapana dada, sijagusa kitu.

MzeeIgoma: Basi kisa hiki kimetungwa. Kuandika disksize ndiko kunakokianzisha kifaa: kerneli hutenga jedwali la kurasa (vipande vya data vitakavyohifadhiwa) na kuandaa algorithimu iliyochaguliwa, na baada ya hapo haibadiliki. Kifaa ambacho hakijaanzishwa kingeipokea zstd bila ubishi.

KijanaMalimbe: Sijatunga, mzee wangu. Ipo skripti inayoweka disksize ya GB 8 kila mashine inapowaka, ila sikuihesabu kwa kuwa siiandiki kwa mkono. Hizo GB 8 nisingependa kuzipunguza, maana maandishi hubanika sana.

DadaNyegezi: Jibu ndilo hilo. Funga programu kwanza, kwa sababu swapoff, amri ya kuzima swapu, hurudisha data yote kwenye RAM ikiwa imefumuliwa. Ukishaizima, andika 1 kwenye reset, faili la kukirudisha kifaa mwanzo, ambayo hukataa endapo swapu bado inatumika. Hapo ndipo uweke comp_algorithm, halafu disksize, halafu mkswap na swapon (amri za kuandaa na kuwasha swapu), na skripti ifuate mpangilio huohuo. Kuhusu GB 8, nyaraka za kerneli zinasema hakuna faida kubwa ya kuzidi mara mbili ya RAM, kwa kuwa data hutarajiwa kubanwa hadi nusu. Tena kifaa kisichotumika hula takriban 0.1% ya ukubwa wake.

KijanaMalimbe: Nikiweka mem_limit, GB 8 si zitakuwa salama?

DadaNyegezi: Hiyo huzuia zram isile RAM kupita kiasi ulichopanga. Haikuongezei hata baiti moja.

MzeeIgoma: Kijana, nimekuelewa sasa. Anza na GB 4, fanya kazi siku nzima, kisha utuwekee hapa namba mbili za mwanzo za mm_stat, faili la takwimu za zram, yaani ukubwa wa data kabla na baada ya kubanwa. Tukiziona tutaweza kuzungumzia hizo GB 8 zako.