Baba amepewa mguu bandia wenye goti la loki. Tukubali, au tuchange tununue linalojikunja?

Kijana wa Kondoa

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na viungo bandia.

Baba yangu ana miaka 68. Mwaka jana alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti kwa sababu ya kisukari. Kidonda kimepona, kigutu kiko vizuri, sukari tunaifuatilia. Wiki iliyopita alijaribishwa mguu. Goti lake lina loki: anatembea mguu ukiwa umenyooka, na akitaka kukaa anavuta kishikio kidogo ubavuni mwa paja ndipo linakunja.

Baba mdogo alikuwepo na hakupendezwa hata kidogo. Anasema huo ni mguu wa kizamani, tuchange tununue goti linalojikunja lenyewe, kama la kijana mmoja wa bodaboda aliyemwona palepale akitembea bila hata fimbo. Baba mwenyewe hasemi mengi. Anauliza tu kama atafika shambani na msikitini. Kwetu ni mchanga na makorongo, lami hakuna.

Je, loki tumepewa kwa kuwa hatuna hela, au ina kazi yake? Ijumaa tunarudi kumalizia mguu.

Mama Rehema

Pole sana kwa mzee, Mungu amtie nguvu.

Natembelea goti la loki tangu niligongwa na gari. Nakaanga samaki, nasimama mbele ya karai la mafuta ya moto kuanzia alasiri hadi usiku. Goti likifungwa naliamini, akili yangu inabaki kwenye samaki na wateja. Kwa hilo silalamiki.

Kinachosumbua ni kukaa. Kwenye daladala natafuta siti ya pembeni mwa njia, la sivyo mguu unagonga siti ya mbele kabla sijakipata kishikio. Na kishikio chenyewe kiko chini ya gauni! Fundi cherehani alinipasulia mshono wa ubavuni, napitisha mkono kama naingiza mfukoni. Mzee akivaa kanzu ana ile nafasi ya ubavuni tayari. Mwambieni fundi akiweke mahali ambapo mkono unafika bila mzee kuinama.

Fundi Viungo

Kijana, mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi ni fundi wa viungo bandia, nimesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo pale Moshi, na magoti ya namna hii nimefunga mengi.

Nianze na hoja ya baba mdogo. Ni kweli loki ni ya zamani, tena sana. Katika miaka ya 1500 kule Ufaransa, daktari mpasuaji Ambroise Paré alichapisha mchoro wa mguu wenye goti la kufunga na kufungua kwa kuvuta kamba, na aliyemtengenezea vifaa vyake alikuwa fundi wa makufuli wa Paris. Loki imedumu kwa sababu tatizo lenyewe halijabadilika: aliyekatwa juu ya goti hana tena msuli wa kulizuia goti lisikunje.

Kisigino kikigusa ardhi, ardhi nayo inausukuma mguu. Msukumo huo ukipita nyuma ya ekseli ya goti, yaani chuma ambacho goti linakunjia, goti linakunja na mtu yuko chini. Ukipita mbele, goti linanyooka na kushika. Kwenye goti huru, lisilo na loki, la ekseli moja, fundi anaiweka ekseli nyuma kidogo ya mstari wa kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Kazi inayobaki ni ya mwenye mguu: kila hatua akandamize kigutu kwa nyuma ndani ya soketi, ile sehemu ya mguu bandia inayoshika kigutu, kwa nguvu za nyonga. Yule kijana wa bodaboda anazo. Mzee wa miaka 68 aliyeuguza kidonda kitandani, mara nyingi nyonga zake zimelegea. Mguu uliobaki nao huenda una ganzi ya kisukari, haumwambii vizuri anakanyaga nini. Huyo goti likimkunjia kwenye mchanga anaweza kuvunjika nyonga. Kwa mtu wa hali hiyo mimi naweka loki bila kusita, awe na hela au asiwe nazo.

Loki ina gharama yake pia. Mguu usiokunja, ukiuvusha mbele, ncha ya kiatu inakwaruza chini. Ndiyo maana tunaufanya mfupi kuliko mzima kwa kama sentimita moja. Ijumaa ukiona nyonga ya kushoto imeshuka kidogo, usishtuke. Ila ukiona mzee anauzungusha mguu kwa nje, au anajiinua kwa vidole vya mguu mzima kila hatua, sema hapohapo: pengine ni mrefu mno, au soketi haijakaa sawa.

Pa kuwa mkali ni kwenye loki yenyewe. Mzee akiunyoosha mguu, lazima isikike "ka!" Kabla hajaupa uzito, akandamize kigutu nyuma kujaribu kama imeshika kweli. Goti lililofungwa halitakiwi kucheza hata kidogo. Likicheza, pini au tundu lake limelika. Wakati wa kukaa, agusishe kwanza kiti kwa nyuma ya mguu mzima, uzito wote ubaki kwenye mguu huo, ndipo avute kishikio. Loki iliyobeba uzito haifunguki, na wazee wengi huvuta kwa nguvu mpaka waya unakatika. Vumbi litolewe kwa brashi kavu. Msipake grisi ovyo, mchanga wa Kondoa utanata humo na kusaga chuma.

Kuhusu kununua, magoti yapo. La pau nne, lenye vyuma vinne vilivyounganishwa badala ya ekseli moja, ni gumu kukunjika kisigino kinapokanyaga. Lipo jingine lililobuniwa Toronto, Kanada, na Jan Andrysek na wenzake: loki inajifunga yenyewe mtu anapokanyaga, na inaachia uzito ukihamia kwenye vidole. Nalipenda sana wazo hilo. Lakini kabla ya kuchanga, ulizeni nani karibu nanyi atalirekebisha na vipuri vitatoka wapi. Ulizeni pia kama loki ya goti alilopewa inaweza kuachwa wazi. Ikiwezekana, mzee akipata nguvu ataanza mazoezi nayo ikiwa wazi, katikati ya vyuma vya kushikilia, fundi akiwa pembeni.

Kijana wa Kondoa

Fundi, ubarikiwe. Nimemsomea baba mdogo yote, ametulia, ingawa anasema ataliuliza hilo la Toronto. Shambani kuna mteremko wa kuingia korongoni. Mzee atashukaje?

Fundi Viungo

Aulize, ni haki yake.

Kushuka: loki imefungwa, fimbo mkono wa kulia, ashuke kiubavuubavu. Mguu bandia utangulie chini, mzima ufuate. Kupanda, mzima unatangulia. Msikitini atumie kiti. Kuinuka toka chini na goti la loki ni kazi nzito hata kwa kijana.

Nyumbani mzee alale kifudifudi kila siku asubuhi na jioni, kigutu kinyooke. Huo mto mnaomwekea chini ya kigutu, kama upo, utoeni leo. Nyonga ikishazoea kujikunja, hakuna goti litakalomfaa, la bei yoyote.

Na Ijumaa mwende na kanzu yake, na viatu vilevile atakavyovaa shambani. Kisigino cha kiatu kikibadilika urefu, ule msukumo wa ardhi unahama, na mpangilio wote wa mguu utabidi kurudiwa.