Tupeane uzoefu: kitabu gani cha kupotea au kupotelewa kilikuganda kichwani?

Wakuu, sitaki uchambuzi wa shuleni, nataka mseme kilikukamata wapi. Naanza na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Dogo Yusuf ana miaka 12 anapandishwa treni na tajiri Aziz, anajua anaenda kutembea, kumbe baba kamweka rehani kwa deni, na ni Khalil wa dukani ndo anamfungua macho kwamba yule sio ndugu yake kabisa. Mimi nililetwa mjini kwa shangazi naambiwa likizo, usiku nafungua begi nakuta sare za shule mpya chini ya nguo. Ile sura ya treni niliisoma mara mbili nikafunga kitabu kwanza.

— Mwandishi huyohuyo, Afterlives ya 2020. Ilyas anamwacha dada yake Afiya anaenda kupigana upande wa Mjerumani, basi, kimya. Kwetu kaka yake bibi alienda Burma na KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, hakurudi na barua hakuna. Bibi mpaka anazeeka mgeni yeyote kutoka Nairobi lazima aulizwe. Mwisho wa Ilyas siusemi, ila ukimaliza hutalala vizuri.

— Mashimo ya Mfalme Sulemani! Watu wanakumbuka almasi tu, wanasahau safari yote ilianza kwa Curtis kumtafuta mdogo wake aliyepotelea jangwani. Nakala ya nyumbani ilikuwa imechanika kurasa za mwisho, panya au wadogo zangu sijui, kwa hiyo nimekua najua yule ndugu hakupatikana. Nimekuja kupata nakala nzima nikiwa na watoto wangu, kumbe yupo hai, miaka miwili kakwama jangwani penye maji, mguu umepondwa na jiwe. Nilimpigia simu kaka yangu usiku uleule nikamwambia jamaa kapatikana, akaniuliza jamaa gani tena 😂

— Mkipenda kupotea nyie wenyewe chukueni Nagona na Mzingile za Kezilahabi. Vyembamba, vitakuhadaa. Mimi Mzingile imenishinda mara kibao na bado naipenda.

— Mkuu hiyo Peponi inapatikana wapi? Niko Mombasa.

— Wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar, waulizie kwanza. Yangu siazimishi, riwaya yangu ya Utengano iliondoka hivyohivyo na aliyeichukua yumo humu anasoma.