Samaki wa Baba leo

Salum: Assalamu alaykum. Nipo Malindi sokoni, mashua ndiyo zinashusha. Baba nimchukulie samaki gani? Jana kliniki sukari kabla hajala ilikuwa 11.

Shangazi Rukia: Waalaykumu salaam. Mchukulie ng'onda. Samaki mbichi ana mafuta, hayamfai.

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Ng'onda kajaa chumvi, na Baba presha anayo. Mafuta ya samaki ni mazuri kwa moyo, na wenye kisukari moyo ndio wa kuuchunga. Salum, chukua vibua au dagaa wabichi. Mara mbili kwa wiki wanatosha.

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Mbona akila samaki sukari inapanda?

Zuhura: Samaki hana wanga. Mama, juzi mlikula nini?

Mama: Changu wa kupaka na wali wa nazi. Sahani yake ile ile, na juisi ya embe.

Zuhura: Basi ni wali na juisi, Mama. Nusu ya sahani iwe mchicha au bamia, robo samaki, robo wali. Tui liwe jepesi. Juisi aache, anywe maji.

Salum: Pweza yupo, safi sana. Na papa.

Zuhura: Pweza sawa, wa kuchemsha au kuchoma. Papa na nguru wakubwa hukusanya zebaki, madini yenye sumu, tusiwazoee. Halima, wewe na mimba yako papa usimguse.

Halima: Nimekusikia dada. Wali wa Baba si bora tuukate kabisa?

Zuhura: Hapana! Anameza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari. Kidonge kikiwa tumboni na wanga hakuna, sukari inashuka chini ya 4: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Apunguze, asiache, na Jumatatu tumwambie daktari ili aangalie dozi.

Mama: Mwezi uliopita alitetemeka baada ya alasiri. Nilimpa maji tu nikamlaza. Nilidhani ni uchovu.

Zuhura: Usijilaumu Mama, hakuna aliyekwambia. Ikitokea tena mpime. Ikiwa chini ya 4, koroga vijiko 3 vidogo vya sukari kwenye maji anywe, umpime tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Mama: Naandika kwenye karatasi, nitaibandika kabatini.

Shangazi Rukia: Na mimi nimeinakili. Mume wangu naye anameza vidonge hivyo hivyo.

Salum: Nimechukua vibua fungu moja, mchicha na ndimu. Wakaangwe?

Zuhura: Wachomwe. Yale mafuta ya kukaangia tena na tena tuyamwage.

Baba: Nimesoma yote wanangu. Vibua nitakula. Mnitilie ukwaju na pilipili, wali mama yenu ataupima.

Mama: Mkaa nimeshauwasha. Salum, fika kabla ya adhuhuri.