Wadi Nzima Bila Pombe: Marufuku Hiyo Itamfunga Nani?

Mwalimu Mstaafu, Vihiga:

Ndugu wasomaji, katika baraza lililofanyika kwetu wiki iliyopita, wakazi walikubaliana kwa sauti moja kwamba kusiuzwe tena pombe ya aina yoyote, iwe ya chupa au ya kienyeji, popote ndani ya mipaka ya wadi yetu, nami nikatwikwa kazi ya kuandika waraka utakaopelekwa kwenye bunge la kaunti. Mpaka leo sijauandika. Ninauleta mjadala hapa kwa sababu kila ninaposhika kalamu, nakumbuka kwamba marufuku tunayoiomba tumekwisha kuishi ndani yake, na sioni kwa nini safari hii iwe na matunda tofauti.

Niseme mapema kwamba mimi si mnywaji. Wamisionari wa Friends, yaani Wakwekeri, walifika Kaimosi mwaka 1902, na katika nyumba niliyolelewa, neno pombe lilitajwa kwa kunong'ona. Kama kuna mahali ambapo katazo lingeshika bila kusukumwa na askari, basi ni hapa kwetu, kwenye makanisa kila kona. Hata hivyo, ukishuka jioni kwenye kijito chochote, harufu ya kangara, mchanganyiko uliochachushwa ambao hupikwa kuwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, itakupokea kabla hujauona moshi.

Kwa vijana ambao hawakuyaona, nikumbushe kwamba mwaka 1980 ilitungwa sheria iliyoharamisha chang'aa moja kwa moja: kuipika, kuiuza, kuinywa na hata kupatikana nayo. Sheria hiyo ilidumu miaka 30, hadi ilipofutwa na Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa darasani, na nilikuwa nikijua kwamba kumekuwa na msako usiku kwa kuangalia madawati. Watoto wawili au watatu wakikosekana asubuhi, mama zao walikuwa wamebebwa na askari. Mama angerudi baada ya siku chache, akiwa na faini aliyokopa kwa jirani, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kulipa deni hilo upesi, kabla ya wiki kwisha moto ungekuwa umewashwa tena chini ya sufuria. Sijui kama waliotunga sheria waliwahi kufikiria kwamba faini yenyewe ndiyo ingekuwa mtaji wa mpiko unaofuata. Wengine hawakufikishwa mahakamani kabisa, kwa sababu kulikuwa na watu waliopita kila mwisho wa wiki kuchukua chao, nao hawakutoa risiti.

Sasa tazameni hali ya wadi yetu. Baa zenye leseni ni mbili, zote sokoni. Wanaouza chang'aa hawana leseni ambayo mtu anaweza kuwanyang'anya. Marufuku tuliyoipigia makofi itafunga milango miwili inayojulikana, yenye saa za kufungua na mwenyewe wa kushtakiwa, na kuacha milango mingine yote, ambayo haina kibao juu yake. Aliye na hoja ya kunionyesha nimekosea aitoe, maana waraka bado ni karatasi tupu.

Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru:

Mwalimu, kwa heshima yako, nadhani unaitazama nchi nzima kupitia dirisha la kijiji. Huku kwetu mtaani tatizo si mama mwenye sufuria. Ni maduka ya pombe kali yaliyopangana kama vibanda vya mboga, yakiuza chupa ndogo za robo lita ambazo kijana anaweza kuzitia mfukoni na kwenda nazo kwenye kibarua. Sheria unayoitaja ya mwaka 2010, ambayo sote tunaiita ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inasema baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku, na kwamba isiwekwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ninapoishi mimi, naweza kusimama kwenye lango la shule ya msingi nikasoma bei zilizoandikwa ukutani mwa duka la pombe. Sihitaji kuvaa miwani.

Kwa nini duka hilo lipo? Kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba liliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na kila leseni ni mapato. Aliyekabidhiwa kazi ya kuzuia ndiye anayelipwa kila anaporuhusu. Katika hali kama hiyo, kumwambia mkazi aende akapinge ombi moja baada ya jingine ni kumwambia achote ziwa kwa kijiko. Uwezo wa kukataa kwa wadi nzima, kwa kura, ungeuondoa uamuzi mikononi mwa anayehesabu mapato na kuuweka mikononi mwa anayehesabu majeruhi.

Mtasema mnywaji atapanda bodaboda aende wadi ya jirani. Aende! Nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ambayo kijana hana, na mwendo wa nusu saa humpa mtu nafasi ya kubadili nia. Afrika Kusini ilipositisha uuzaji wa pombe wakati wa janga la korona mwaka 2020, vyumba vya dharura vya hospitali vilipungukiwa na majeruhi kwa kiasi ambacho madaktari wenyewe walikieleza hadharani, na biashara iliporuhusiwa tena, majeruhi wakarudi. Wapo walionunua kwa magendo, sikatai, lakini wengi walikunywa kidogo zaidi au hawakunywa kabisa. Ndugu yangu mdogo angekuwa mmoja wa hao. Alianza kwa chupa moja jioni kwa sababu ilikuwa karibu kuliko mkate.

Tabibu, Kisumu:

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo mjadala huu unayachanganya, nayo ni pombe inayoua polepole na pombe inayoua kwa usiku mmoja.

Watu wanapokufa kwa makumi, kama ilivyotokea Nairobi mwaka 2000, katika kaunti kadhaa mwezi Mei 2014, na Kirinyaga mwezi Februari 2024 ambapo watu 17 walipoteza maisha, wengi huilaumu chang'aa ya kienyeji. Kwa kawaida, sukari guru au molasi iliyochachushwa na kupikwa kijijini haizalishi methanoli ya kiasi cha kuua kijiji. Methanoli ya kuua hutoka kwenye pipa la kiwandani, ikachanganywa na muuzaji anayetaka ukali wa haraka kwa bei ndogo. Mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya jicho, na ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwanza kwamba anaona ukungu au kwamba taa zimezimwa mchana. Akiletwa mapema, husafishwa damu kwa mashine na kupewa dawa ya kuizuia methanoli isigeuzwe, na cha kushangaza ni kwamba kileo cha kawaida chenyewe, kikitolewa hospitalini kwa kipimo, hufanya kazi hiyo. Wengi hawaletwi mapema, kwa sababu wanaogopa kuulizwa walikunywa wapi. Katazo huongeza woga huo.

Jimbo la Bihar nchini India lilipiga marufuku pombe mwezi Aprili 2016, na mwezi Desemba 2022 zaidi ya watu 70 wakafa kwa pombe ya magendo katika wilaya ya Saran peke yake. Sisemi kwamba marufuku hiyo haikumsaidia mwanamke yeyote nyumbani kwake. Ninasema kwamba kila unapofunga duka, lazima ujue ni nani atakayekuja kumhudumia mteja aliyebaki, na amebeba nini kwenye jerikeni.

Mama wa Bungoma:

Mimi nina neno fupi. Mwaka wa tohara kwetu ni kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, na hakuna mtoto wa Kibukusu anayepelekwa jandoni bila busaa ya unga wa wimbi na mahindi kuandaliwa nyumbani kwao. Yeye mwenyewe humimina maji kwenye mtungi siku ya kuianza. Wazee huketi na mirija yao mirefu kuuzunguka mtungi mmoja, na mtu akizidisha, yupo mkubwa wake wa kumwinua. Waraka wenu unaosema "pombe ya aina yoyote" unamfanya babu huyo kuwa mhalifu sawa na mwenye pipa la methanoli, kwa sababu wimbi hununuliwa, na mara nyingi busaa inayobaki huuzwa. Andikeni mnachokikataa kwa jina lake.

Tena Mwalimu ameeleza kuhusu faini lakini hakumaliza. Kwa wengi wetu, karo ya sekondari ililipwa na sufuria hiyohiyo. Anayetaka kuizima aje na kazi mkononi.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga:

Nimewasoma nyote zaidi ya mara moja, na nakiri kwamba ndugu wa Kaptembwo amenitikisa. Hoja yake ya umbali ni nzito, na nilikuwa nimeidharau. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kwamba takriban Wakenya milioni 3.2 wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia pombe, na eneo letu la Magharibi ndilo lililoongoza, kwa hiyo siwezi kuketi hapa nikisema kwamba mambo yaachwe yalivyo. Ninapotofautiana naye ni kwamba umbali hufanya kazi kwa bidhaa inayoletwa kwa lori. Bidhaa inayopikwa nyuma ya nyumba haina umbali.

Serikali yenyewe iliwahi kulitambua jambo hili kwa njia ya kodi. Bia ya Senator Keg ilipoanzishwa mwaka 2004, ilipunguziwa ushuru ili maskini apate kinywaji salama badala ya chang'aa, na mwaka 2013 ushuru uliporudishwa kwa kiasi kikubwa, mauzo yake yaliporomoka kwa zaidi ya nusu. Sidhani kuna anayeamini kwamba wanywaji hao waliokoka kwa pamoja mwezi huo. Miaka michache baadaye unafuu ukarejeshwa, na mwaka 2019 kiwanda cha bia kikafunguliwa upya Kisumu, wakulima wa mtama unaotengenezea bia hiyo wakapata soko. Simpigii debe mtengenezaji wa bia. Ninaonyesha tu kwamba mnywaji maskini hufuata bei, na bei ya chini kabisa iko kijitoni.

Kwa hiyo waraka nitauandika, ila sio ule uliopigiwa makofi. Nitaomba kwamba wadi ipewe uwezo wa kukataa, kwa kura ya wakazi, leseni yoyote mpya ya pombe kali, na kwamba tangazo la kila ombi, ambalo kisheria mkazi ana haki ya kulipinga, lisomwe barazani na makanisani badala ya kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ambako huliwa na mvua. Nitaomba pia mita 300 zipimwe kwa kamba, mbele yetu. Busaa ya sherehe nitaitenga kwa jina, kama alivyoshauri mama wa Bungoma. Kuhusu chang'aa, sheria ya 2010 iliiruhusu iuzwe ikiwa imetengenezwa kwa viwango na kutiwa kwenye chombo kisichopungua mililita 250, lakini sijaona kikundi cha akina mama wa hapa kilichosaidiwa kufikia viwango hivyo. Nitapendekeza kaunti ianze na kikundi kimoja, ijaribu mwaka mmoja, ndipo ilete askari.

Najua barazani nitaitwa msaliti, na mchungaji wetu tayari amenipigia simu mara mbili. Kikao cha kuusoma waraka ni Jumanne ijayo. Ndugu wa Kaptembwo, kama una maneno ambayo wakazi wa huko walitumia kupinga leseni wakashinda, hata mara moja tu, niletee kabla ya siku hiyo niyaweke kama yalivyo.