Tupeane uzoefu: "Brothers in Arms" ilikufikaje?

Mpenzi wa Santuri, Nakuru:
Wapenzi wa roki, leo tuzungumzie albamu moja tu, Brothers in Arms ya Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, ya 1985. Kwangu hakuna inayoikaribia. Wengi hukimbilia wimbo wa Money for Nothing, sauti ya mwimbaji mgeni Sting ikifungua na gita la Mark Knopfler, kiongozi wa bendi, likiingia kwa kishindo. Mimi nasema uzito wake uko upande B. Wimbo uliobeba jina la albamu Knopfler aliutunga wakati wa vita vya Falklands kati ya Uingereza na Argentina, 1982, na anauimba polepole, karibu kunong'ona. Nyinyi mliipatia wapi?

Fundi Redio, Kondele:
Nilifunzwa kazi na mjomba hapa Kisumu. Redio kaseti haikurudi kwa mwenyewe kabla ya kupigiwa Your Latest Trick ya albamu hiyo. Saksafoni ikianza, mjomba anatega sikio kwenye spika. Ikikwaruza, spika imechanika. Ikiyumba, belti imelegea. Ikisikika kwa mbali, hedi, ile inayosoma utepe, ni chafu, lete pamba na spiriti. Pumzi zote za yule mpigaji, Michael Brecker, nilizijua kabla ya kujua jina lake. Mjomba alipotuacha, tuliuweka wimbo huo usiku wa matanga, katikati ya benga, na wazee wakanyamaza wakasikiliza. Hadi leo spika napimia wimbo huo.

Mama Watoto, Kakamega:
Wangu ni Why Worry, wa albamu hiyo hiyo. Kifungua mimba wangu nilimlaza nao. Stima ikipotea namwimbia mwenyewe.

Mwalimu, Maseno:
Mimi nina santuri, na naitunza kama mboni ya jicho. Lakini mbona Your Latest Trick kwangu ni fupi kuliko ule wa kwenye simu ya kijana wangu?

Mpenzi wa Santuri, Nakuru:
Mwalimu, santuri yako haina kasoro. Albamu ilirekodiwa kidijitali, CD zikiwa ndiyo zinaingia sokoni, na nyimbo zikawa ndefu. Santuri ina nafasi ndogo, kwa hiyo baadhi zilipunguzwa, huo ukiwemo. Kaseti na CD zilipata nyimbo nzima. Mjomba wa Fundi alikuwa na ule mrefu.

Mwalimu, Maseno:
Miaka yote hii! Fundi, kaseti ya mjomba bado ipo? Jumamosi nashuka Kisumu.

Fundi Redio, Kondele:
Ipo, Mwalimu, na inalia vizuri. Karibu sana, uje na santuri.