Mama azeeke wapi: kwa masista, nyumba ya kulipia, au abaki kwake na msaidizi?

Mwana wa Bandarini:
Wapendwa, nawasalimu. Mama yangu ana miaka 79 na amekuwa akiishi Ruiru peke yake tangu Baba atutoke. Mwezi wa nne aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Sasa anatembea kwa mkongojo, na usiku hawezi kuachwa peke yake. Mimi kazi yangu iko Mombasa, dada yangu yuko Doha na mkataba wake haujaisha. Tunapima njia tatu: tumwajirie mtu amtunze pale pale, tumpeleke nyumba ya wazee ya kulipia, au tuombe nafasi kwa masista wa Kasarani, Nairobi. Jambo la pili, nitakuwa nakuja kumwona kila mwezi na nitahitaji pa kulala. Mliopitia haya, nisaidieni.

Binti Nyeri:
Pole sana ndugu yangu, na Mama apone.

Hao wa Kasarani ni Masista Wadogo wa Maskini, na mahali penyewe panaitwa Nyumba ya Wazee. Ukijua walivyoanza utaelewa wanavyopokea watu. Mwaka 1839 huko Saint-Servan, Ufaransa, mwanamke aitwaye Jeanne Jugan alimchukua ajuza kipofu aliyekuwa hana mtu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Wazee walipoongezeka alishika kikapu akaenda mlango kwa mlango kuwaombea chakula. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Mpaka leo masista hao huweka nadhiri ya nne juu ya zile tatu tunazozijua za ufukara, useja na utii: ukarimu. Hawategemei mapato ya kudumu, wanaishi kwa wanachopewa na watu.

Kwa hiyo nyumba hii ni ya wazee maskini, dini yoyote. Swali la kwanza wanaloangalia ni uhitaji wa mzee. Uwezo wako wa kulipa haumfungulii mlango. Shangazi yangu hakujaliwa mtoto, alimalizia safari yake mikononi mwa masista wa shirika hili. Siku za mwisho walishika zamu kando ya kitanda chake, mchana na usiku, hakuachwa peke yake hata saa moja. Hilo sitalisahau.

Mama Wawili wa Thika:
Nimejaribu hizo njia mbili za kwanza kwa mama mkwe, nikwambie bila kuficha.

Nyumba ya kulipia, sitaitaja jina, ilikuwa safi na ina bustani nzuri. Tulilipa shilingi 65,000 kwa mwezi, na pampasi na dawa juu yetu. Wiki ya sita nikamgeuza nikakuta kidonda mgongoni. Wahudumu walikuwa wawili usiku kwa wazee wengi mno. Ukienda kukagua, usiende saa nne asubuhi wanapokutarajia. Nenda jioni, uliza nani anawageuza wasioweza kujigeuza na mara ngapi usiku.

Tulipomrudisha nyumbani nilianza na msichana mmoja. Nilikosea. Mtu mmoja hawezi kufanya kazi mchana na kukesha. Mwezi wa pili alichoka akaondoka. Tukaweka wawili kwa zamu, tukafunga vyuma vya kushikilia bafuni, tukaondoa mazulia. Hapo ndipo alipopata nafuu. Gharama ilikaribia ile ya nyumba ya kulipia, ila alikula chakula alichokizoea na majirani wakaingia kumsalimia.

Kijana wa Morogoro:
Huku kwetu Tanzania makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au Funga Funga hapa Morogoro ni ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee inaiweka familia mbele, makazi yawe njia ya mwisho. Naomba niseme kwa heshima: wewe na dada yako mna mishahara. Kitanda kimoja kwa masista mnaweza kuwa mnamnyima mzee wa kibandani asiye na mtu hata mmoja.

Binti Nyeri:
Mdogo wangu wa Morogoro, hapo nakubaliana nawe. Lakini masista wenyewe ndio watakaopima, waachiwe. Ndugu, nenda uongee nao wazi, usifiche kipato. Na kwa kuwa Mama ameshapita miaka 70, mwandikishe Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, kama anastahili. Ni shilingi 2,000 tu kwa mwezi, lakini ni zake.

Msafiri wa SGR:
Kuhusu malazi. Mimi nikifika Nairobi nalala Flora Hostel ya Masista wa Consolata, 5th Ngong Avenue. Pametulia, na unaweza kwenda kanisani asubuhi. Hosteli za masista zina utaratibu wake: uliza mapema lango linafungwa saa ngapi, maana treni ya alasiri kutoka Mombasa inafika kituo cha Syokimau usiku. Panda ile ya asubuhi. Ubaya ni umbali. Ukitoka huko kwenda Kasarani unavuka mji mzima, na foleni ya Thika Road jioni unaijua. Kama unakuja kwa siku moja tu, tafuta chumba Kasarani, upate saa mbili zaidi za kukaa na Mama.

Bibi Mkunde:
Wanangu, nina miaka 74, nasoma haya yote kwa miwani. Mmepima bei, nyumba na barabara. Sijaona mahali Mama ameulizwa.

Mwana wa Bandarini:
Shikamoo Bibi. Nilisoma ujumbe wako nikaona aibu. Nimempigia Mama jana usiku, tukaongea mpaka salio likaisha. Anaijua Nyumba ya Wazee. Wana jumuiya wenzake waliwahi kupeleka unga na sabuni huko. Amesema atapenda kupeleka tena, lakini kulala anataka kwake, karibu na kanisa lake na akina mama wenzake. Alichoomba ni mtu wa usiku asiyelala fofofo, na choo chenye pa kushika.

Mama Wawili, naomba uniambie fundi aliyekufungia vile vyuma. Nafika Ijumaa.