Baada ya "of" ni nomino au "-ing"? Naombeni ushauri wakuu

Chaki Nyekundu: Wakuu, habari za jioni. Baada ya vihusishi vya Kiingereza kama "of", "by" na "without", ni lazima kitenzi chenye "-ing", au nomino ya kawaida nayo inakubalika? Mfano, "accused of stealing" au "accused of theft"? Naomba jibu leo, kesho asubuhi nalihitaji.

Kiboko wa Sarufi: Vyote sahihi, mkuu. Kihusishi kinataka nomino, na hiyo "-ing" ni kitenzi kilichovaa kanzu ya nomino. Kiswahili ni hivyo hivyo: "baada ya kula", "baada ya chakula". Pa kuangalia ni kinachofuata. Ukisema "kuharibu misitu", misitu inakuja yenyewe. Ukisema "uharibifu wa misitu", unadai "wa". Basi "by destroying forests", lakini "by the destruction of forests". Aliyeandika "by destruction forests" ndiye mkoseshe.

Dereva wa Hiace: Mimi hiyo "-ing" iliniponza 2014 nilipoomba kazi hotelini. Barua nikaifunga kwa "I look forward to hear from you". Nilidhani "to" ni "ku-" yetu, kumbe pale ni kihusishi, inataka "hearing". Sikuitwa hadi leo, nikashika usukani.

Mama Wawili: Pole kaka. Mleta uzi, kesho asubuhi kuna nini?

Chaki Nyekundu: Mimi ni mwalimu, shule ya kata. Kidato cha tatu kuna mwanafunzi kaandika "theft", nikamkosesha. Darasani nilishasema ni "-ing" tu.

Kiboko wa Sarufi: Maelekezo ya swali yalisemaje? Kama uliweka "steal" aibadilishe umbo, uko sahihi, maana "theft" si umbo la kitenzi hicho. Kama hukuweka, mpe pata yake.

Mama Wawili: Na jumla kapata ngapi?

Chaki Nyekundu: Swali lilisema jaza neno linalofaa. Kitenzi hakikuwepo. Kapata 74.

Mama Wawili: Mwalimu! 75 ndiyo A.

Chaki Nyekundu: Najua dada yangu. Ila matokeo yameshabandikwa, na sheria ile niliitamka mbele ya darasa zima. Nikigeuka leo, kesho kila mtoto ataleta karatasi yake. Nimefikiri nimwite pembeni, nimwambie neno lake ni zuri ila ajibu nilivyofundisha.

Babu wa Pangani: Mwanangu, mtoto wa watu usimdhulumu. Sisi tulichapwa kwa majibu sahihi, na hadi leo tunawakumbuka waliotuchapa.

Mpita Njia: Hii chai, tena haina hata tangawizi. Mwalimu wa Kiingereza hajui "theft"? Na alama ziwe 74 kamili? Wewe ndiye huyo dogo, unatafuta uzi wa kumwonyesha mwalimu wako.

Dereva wa Hiace: Hata mimi nimeanza kushtuka. "Kesho asubuhi nalihitaji" ni maneno ya anayekwenda kudai.

Kiboko wa Sarufi: Hata akiwa dogo, jibu ni lile lile.

Chaki Nyekundu: Mnanionea, wakuu. Karatasi ninayo hapa mezani. Pembeni ya X yangu kuna maandishi ya penseli yaliyofutwa. Nikiinua karatasi kwenye taa nasoma "sir, kamusi inasema ni noun". Aliandika, akafuta, akarudisha karatasi kimya. Hajaja kudai chochote. Neno "theft" nalijua. Miaka tisa naandika ubaoni "PREPOSITION + -ING", kwa sababu ndivyo nilivyoandikiwa na mimi, na mazoezi yote niliyotoa yalikuwa ya vitenzi. Nilipoona neno lisilo na "-ing", mkono ulikwenda wenyewe.

Mpita Njia: Hiyo ya penseli imenigusa. Samahani, mwalimu.

Mama Wawili: Nami nakuamini. Sasa niambie: mtoto akiandika "despite the rain", ungemkosesha pia?

Chaki Nyekundu: Mwaka jana niliwakosesha wawili kwa hiyo hiyo.

Mama Wawili: Wako wapi sasa?

Chaki Nyekundu: Kidato cha nne. Mtihani wa taifa ni Novemba.

Kiboko wa Sarufi: Waite wote watatu kesho.

Chaki Nyekundu: Kipindi cha kwanza ni changu. Nitaanza kwa kufuta ubao.